Stargate irudi kama katuni? Ndiyo, lakini isiwe SG-1

Swali la msomaji: Nimeifuata Stargate, ile hadithi ya televisheni ya lango linalowapeleka watu sayari nyingine, tangu mfululizo wa SG-1 mpaka ule wa Universe ulipokatwa mwaka 2011, hadithi ikiwa bado inaning'inia. Waigizaji wengine wametangulia mbele ya haki, wengine umri umesogea. Wenzangu wanasema njia pekee iliyobaki ya kuirudisha timu ya zamani ni katuni. Wengine wanasema katuni ni za watoto, zitalichafua jina. Wewe mtaalamu unaonaje, irudi kwa njia hiyo au iachwe ilivyo?

Jibu: Irudi, ndugu yangu, lakini isiwe SG-1. Katuni ya O'Neill, Carter, Daniel na Teal'c, timu yenyewe ya SG-1, wakiwa na sura zao za mwaka 1997 itakula fedha nyingi, na mwishowe itawaacha na njaa hata hao wanaoiomba leo. Hadithi inayoelekea kwenye katuni kama vile iliandikwa kwa ajili yake ni ya Universe, ambayo wengi hawaitaji kabisa wanapoomba jambo hili. Sababu zake zimo ndani ya namna katuni zinavyotengenezwa, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Hoja ya "katuni ni za watoto" haihitaji muda mrefu. Star Wars: The Clone Wars ilianza mwaka 2008 ikiwalenga watoto, ikamalizika mwaka 2020 baada ya misimu 7 na sehemu 133, na sehemu zake za mwisho ni msiba mtupu: askari wanawageukia na kuwaua viongozi waliopigana nao bega kwa bega. Mhusika Ahsoka Tano alizaliwa humo, kwenye katuni, na miaka 12 baadaye akachezwa na mwigizaji wa mwili na damu, kisha akapewa mfululizo wake mwenyewe mwaka 2023.

Hata hivyo hao wenye hofu hawaoti. Stargate imewahi kujaribiwa kama katuni. Stargate Infinity ilirushwa kuanzia 2002 hadi 2003, sehemu 26, ikatengenezwa na studio ya DIC kwa ajili ya watoto wa Jumamosi asubuhi. Waandishi wa SG-1 hawakuhusika nayo, timu ile haikuwemo, hadithi ikakatwa bila kumalizika, na waliosimamia mfululizo mkuu hawakuihesabu kama sehemu ya hadithi rasmi. Ilianguka kwa sababu ilichukua lango na jina ikaacha watu wote nyuma. Michoro haikuwa kosa lake kubwa.

Uhuru wa katuni una bei yake

Mashabiki wengi huamini kwamba kwenye katuni kila kitu ni rahisi: unachora sayari yoyote, viumbe wowote, vita vyovyote. Tuhesabu. Picha hupita kwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kila sekunde. Sehemu ya dakika 22 ina sekunde 1,320, yaani fremu 31,680. Kwenye katuni za kuchorwa, kawaida ni kushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, hivyo mhusika mmoja anayetembea muda wote anahitaji michoro 15,840. Wakiingia wahusika watano ndani ya chumba, kila mmoja anasogea kivyake, maji yamezidi unga. Ndiyo maana katuni za bei nafuu zimejaa watu waliosimama tuli wakifumba na kufumbua midomo.

Star Trek ya mwaka 1973, iliyotengenezwa na studio ya Filmation na kurushwa na kituo cha NBC, inaonyesha pande zote mbili. Kwa upande wa faida, ilimweka kwenye usukani Arex, ofisa mwenye mikono mitatu na miguu mitatu, kiumbe ambaye kwa vifaa vya miaka ile hakuna mwigizaji angeweza kumvaa. Kwa upande wa gharama, tazama wanavyotoka nje ya chombo. Badala ya mavazi ya anga, wanavaa mkanda kiunoni, na mwili mzima unazungukwa na mstari wa mwanga wa manjano. Hadithi inasema huo ni mkanda wa kuhifadhi uhai. Hesabu ya studio inasema michoro ileile ya wahusika wakiwa na sare zao inatumika tena, na hakuna anayelazimika kuchora mavazi mapya. Huo ni ufumbuzi mzuri sana, maana uhaba wa fedha uligeuzwa kuwa kitu cha ulimwengu ule. Studio hiyohiyo iliokoa fedha pia kwa kumwacha nje Walter Koenig, aliyemcheza Chekov, na sauti nyingi za ziada wakabebeshwa James Doohan, Nichelle Nichols na Majel Barrett. Zikatoka sehemu 22.

Katuni za kompyuta zina hesabu nyingine. Huko mhusika hachorwi upya kila fremu. Anajengwa mara moja: umbo, ngozi, nywele, nguo, na mifupa ya ndani inayomwezesha kusogea. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa kwa mhusika mmoja mkuu. Akishajengwa, kumtumia mara ya pili au ya mia hakuna gharama kubwa. Kinachoua bajeti ni kitu kinachojengwa kikaonekana mara moja tu kisha kikatupwa. Sasa utaelewa kwa nini The Clone Wars iliwezekana. Jeshi la upande mmoja ni nakala za mtu mmoja, tena wengi wamevaa kofia, midomo haionekani. Jeshi la upande wa pili ni roboti zinazofanana. Ukijenga askari wawili watatu, unabadilisha rangi na alama, umepata maelfu.

Sasa ielekeze hesabu hiyo kwa SG-1. Mfumo wake ni sayari mpya kila wiki, na kwenye sayari hiyo kuna kijiji. Kwa kamera ya kawaida hilo ni jambo jepesi: nenda msitu wa karibu na Vancouver, wavishe waigizaji wa ziada 30 kanzu za kahawia, washa moto katikati, kijiji kimesimama. Kwenye katuni ya kompyuta, kijiji hicho ni watu 30 wa kujenga, kila mmoja na uso wake na nguo inayocheza na upepo, halafu wiki ijayo timu inapita langoni na wote hawaonekani tena. Nguo ndefu na nywele zilizofunguliwa ni miongoni mwa vitu vigumu kuliko vyote kuvihuisha, yaani kuvipa mwendo, na Stargate imejaa vyote viwili. Matokeo ya kawaida ni vijiji vyenye watu sita, wote na sura moja, na mtazamaji anajiuliza wengine wamekwenda wapi.

Viko vitu vya SG-1 ambavyo katuni ingevipenda. Walinzi wa adui Apophis wenye kofia za nyoka ni jeshi la mhusika mmoja aliyerudiwa. Replicator, wale maadui wa mashine, ni vipande vidogo vinavyojipanga, kazi ambayo kompyuta huifanya bila kuchoka. Asgard, viumbe rafiki wa timu, hawavai nguo, na kwenye mfululizo wenyewe walikuwa vikaragosi, huku sauti ya Thor, mmoja wao, ikitolewa na Michael Shanks, ambaye ndiye aliyemcheza Daniel Jackson. Lango lenyewe, na alama zake 39 na kufuli 9, linajengwa mara moja na kutumika katika kila sehemu. Lakini hivyo ni pambo la SG-1. Moyo wake ni watu wanne wanaokatizana maneno.

Kinachopotea: kukatizana

Kumbuka jinsi O'Neill anavyozungumza. Daniel anaanza maelezo marefu juu ya hekalu, O'Neill anaingilia katikati ya neno, Carter anajaribu kurudi kwenye hoja, Teal'c anainua unyusi mmoja. Kicheko kiko kwenye nusu ya sekunde kati ya mtu na mtu. Kwenye katuni utaratibu wa kawaida ni kurekodi kila mwigizaji peke yake, siku yake, pengine mji wake. Mhariri ndiye anayepanga sentensi baadaye. Kukatizana hakutokei kwa bahati, lazima kutengenezwe, na kukitengenezwa mara nyingi husikika kama watu wanaopokezana zamu.

Dawa ipo: kuwarekodi pamoja ndani ya chumba kimoja, kila mmoja na maikrofoni yake, huku nyuso zao zikipigwa video ili wahuishaji waone nyusi ilipanda lini. Lakini inadai kuwakusanya watu wenye ratiba ngumu kwa siku zilezile, na mtayarishaji aliyechagua katuni ili asihangaike na ratiba za waigizaji ndiye wa kwanza kulikataa.

Halafu kuna waliofariki. Don S. Davis, aliyemcheza Jenerali Hammond, alifariki mwaka 2008. Cliff Simon, aliyemcheza adui Ba'al, mwaka 2021. Sauti inaweza kupewa mtu mwingine. Babylon 5, mfululizo mwingine wa anga, ilifanya hivyo kwenye filamu yake ya katuni ya mwaka 2023, The Road Home: Bruce Boxleitner, Claudia Christian, Peter Jurasik na wengine walirudi kwa sauti zao, na nafasi za marehemu kama Mira Furlan na Andreas Katsulas zikachukuliwa na wengine. Mwandishi alikuwa J. Michael Straczynski, muumba wa hadithi yenyewe, na hilo lilisaidia kuliko chochote. Kosa la kuepuka hapa ni kutafuta mwigaji. Anayeiga sauti huanguka mara tu mhusika anapopaswa kulia au kupiga kelele, kwa sababu amejifunza mlio tu. Mtafute mwigizaji mwenye uzito uleule, akiwa na tofauti kidogo ya sauti watu watazoea ndani ya dakika kumi. Kuzalisha sauti ya marehemu kwa kompyuta kunawezekana leo, lakini bila ridhaa aliyoitoa mwenyewe akiwa hai, au ya familia yake, kusifanywe. James Earl Jones, sauti ya Darth Vader wa Star Wars, aliruhusu sauti yake itumike hivyo kabla hajafariki, na huo ndio mpangilio wenye heshima.

Umri pia husikika. Sauti ya mtu wa miaka 70 inaweza kupandishwa kidogo kwa mashine, ila ukizidisha inakuwa ya bati. Kwa hiyo O'Neill mwenye uso wa miaka 45 na koo la miaka 70 atakusumbua sikio katika kila tukio, na ndiye huyo mashabiki wanamwomba.

Kwa nini Universe

Rudi kwenye sehemu ya mwisho, Gauntlet, iliyorushwa Mei 2011. Destiny, chombo kinachowabeba watu wa Universe, kimezingirwa na ndege za vita zisizo na rubani, zinazokisubiri popote kinapotaka kusimama. Wanaamua kuiruka galaksi nzima bila kusimama, safari ya takriban miaka mitatu, watu wote wakilazwa kwenye makasha ya usingizi mrefu. Kasha moja limeharibika. Eli Wallace anabaki macho, na wiki mbili za kulitengeneza kabla hewa na umeme havijazimwa. Anatazama nje ya dirisha, hadithi inakatika.

Litazame hilo kwa jicho la studio. Mhusika mmoja. Chombo kimoja, kilichojaa giza. Sehemu nzima ya kwanza inaweza kuwa Eli peke yake, na kuzungumza kwake peke yake hakutakuwa kwa kulazimishwa, kwa sababu tangu mwanzo ana mazoea ya kusema mbele ya Kino, ile kamera ndogo ya mviringo inayoelea. Hakuna mfululizo wa anga unaojulikana ulioachwa mahali pazuri kuliko hapo kwa katuni kuanzia.

Kisha angalia nguo. Watu wa Destiny walikimbilia langoni wakati kituo chao kinalipuka, wakafika na walichokivaa. Vazi moja au mawili kwa kila mhusika si ubahili tena, ni ukweli wa hadithi, kama ule mkanda wa 1973. Korido, chumba cha lango, sitaha ya kutazamia nje, vyote vinajengwa mara moja na kutumika hadi mwisho. Sayari wanazoshukia kutafuta maji na chakula kwa kawaida hazina watu: jangwa, barafu, msitu. Hizo ni mandhari za kupakwa rangi, eneo ambalo katuni ina nguvu kuliko kamera. Wageni wao wabaya, wale wa rangi ya samawati na zile ndege za vita, walikuwa kazi ya kompyuta tangu awali, kwa hiyo hakuna atakayeona mshono.

Na usingizi wenyewe unaondoa tatizo la umri. Miaka mingi imepita kwetu, kwao imepita mitatu bila kuzeeka. Kwa waigizaji halisi ingebidi kusema usingizi ulikuwa na hitilafu, watu wakazeeka ndani ya makasha. Kwenye katuni wanaamka walivyolala. Sauti zimezama kidogo, lakini walianza miaka 12 baada ya timu ya SG-1 na pengo halipigi kelele. Ming-Na Wen, aliyemcheza Camile Wray, amekuwa mwigizaji wa sauti tangu Mulan ya mwaka 1998. Huyo hahitaji kufundishwa maikrofoni.

Kasoro ya mpango huu ni nyuso, na ni kubwa. Universe ilipigwa kwa kamera ya mkononi, ikimvizia mtu akiwa kimya. Robert Carlyle alimcheza Rush, mwanasayansi wa Destiny, kwa macho zaidi ya maneno. Katuni hufanya kazi kinyume: kwa kamera unapiga mara nyingi kisha unachagua kwenye uhariri, kwenye katuni unahariri kwanza, kwa michoro ya awali iliyopangwa pamoja na sauti, ndipo unatengeneza. Kilichotokea kwa bahati hakipo. Na uso wa kompyuta unaokaribia sana uso wa mtu hugeuka maiti: macho hayana unyevu, mashavu hayabebi uzito wa neno.

Kwa hiyo mtindo usiwe wa kuiga uhalisia. Ziundwe nyuso zilizorahisishwa, zenye mistari na mipako ya brashi inayoonekana, juu ya miili ya kompyuta. Studio ya Fortiche ya Ufaransa ilithibitisha kwa Arcane, mwaka 2021, kwamba uso wa namna hiyo unaweza kubeba hasira, aibu na huzuni kwa wakati mmoja, wahuishaji wakiunda mienendo wenyewe badala ya kuinakili kutoka kwenye miili ya waigizaji. Mtikiso wa kamera usiandikwe na programu, maana mtikiso wa hesabu hujirudia na jicho hulijua hilo upesi. Mtu ashike kifaa kinachoongoza kamera ya ndani ya kompyuta, atembee nacho chumbani akiitazama Destiny kwenye skrini yake, na mkono wake halisi ndio utikisike.

Iweje

Sehemu 8 za dakika 26. Hizo ni dakika 208, pungufu kidogo ya sehemu tano za zamani za dakika 43, zinatosha kumaliza safari bila kuirefusha. Maandishi yote 8 yakamilike kabla ya kurekodi. Rekodi pamoja, kwa makundi ya watu wawili hadi wanne. Tengeneza toleo la michoro tuli lenye sauti kamili, liangaliwe na waandishi, na hapo ndipo mabadiliko yafanywe, kwa sababu kurekebisha mchoro wa awali ni kazi ya saa na kurekebisha tukio lililokwisha kuhuishwa, kutiwa mwanga na moshi ni kazi ya wiki. Miradi mingi ya aina hii huharibikia hapa: muda unabana, michoro ya awali inapelekwa nusunusu kwa studio ya nje, zinarudi picha nzuri za tukio lisiloeleweka, na fedha ya kurudia imekwisha. Kutoka maandishi hadi kurushwa, tegemea mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Sheria za lango zishikwe kwa ukali. Kupita ni upande mmoja tu, dakika 38 ndiyo kikomo cha kawaida cha lango kuwa wazi, alama 7 kwa safari ya ndani ya galaksi, 8 kwa galaksi nyingine, 9 kwa Destiny. Kwenye katuni kishawishi cha kuzivunja ni kikubwa kwa kuwa kuchora hakugombi. Shabiki wa Stargate atasamehe mchoro hafifu, hatasamehe lango linalofunguka pande mbili.

Mambo ya biashara mtazamaji hana mkono nayo, ila ayajue. Stargate iko kwa Amazon tangu ilipoinunua MGM mwaka 2022, na Novemba 2025 kampuni hiyo ilitangaza mfululizo mpya wa waigizaji halisi chini ya Martin Gero, aliyewahi kuandika Atlantis, mfululizo mwingine wa Stargate. Katuni ya Universe haigongani na huo, inafanyika galaksi za mbali. Star Trek iliwahi kuendesha vyote viwili sambamba: wahusika wa katuni ya Lower Decks walivuka hadi Strange New Worlds, ya waigizaji halisi, mwaka 2023, wakichezwa na walewale waliowapa sauti. Ila Star Trek hiyohiyo ilituonyesha hatari, pale Paramount+ ilipoifuta katuni yake ya Prodigy na kuiondoa kabisa kwenye huduma yake mwaka 2023 msimu wa pili ukiwa unatengenezwa, hadi Netflix ilipouchukua na kuuonyesha mwaka 2024.

Tangazo likitoka siku moja, acha picha ya bango, soma mambo matatu: kama Brad Wright au Robert Cooper, walioianzisha Universe, wana kalamu mkononi au wametajwa kwa heshima tu, kama sehemu zote zimelipiwa kwa mkupuo au ni nne za majaribio, na kama David Blue ndiye Eli. Wa tatu akikosekana, ile sehemu ya kwanza ya mtu mmoja haina wa kuibeba.